Kisiwa Kisicho na Lifti

Benchi ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, na upande wa kulia umepungukiwa tofali moja, kwa hiyo ukikaa muda mrefu unajikuta umemsogelea mwenzako bila kupenda. Mimi ndiye mwenye birika. Wananiita Shangazi, hata wale wanaonizidi umri, na sijawahi kumkatalia mtu. Kila asubuhi wanakuja walewale. Kuna Masijala, aliyetunza mafaili ya ofisi moja kubwa kwa miaka thelathini na moja mpaka akastaafu, na hadi leo anaongea kama anayegonga mhuri. Kuna Spana, fundi pikipiki, ambaye gereji yake iko ng'ambo ya barabara na pikipiki za watu zimelala chini zinamsubiri amalize kahawa. Kuna Kipara, kinyozi mwenyewe, ambaye kichwani hana hata unywele mmoja wa kutangazia biashara. Na kuna Lifti, fundi wa lifti katika lile jengo la ghorofa kumi na nne, mtu mrefu, mpole, anayeshika kikombe kwa mikono miwili.

Kwa wiki tatu benchi lilikuwa na kesi moja tu, nayo ilikuwa ya Lifti. Mke wake, ambaye sote tunamwita Mama Pacha, ni mkunga. Alipandishwa cheo na papo hapo akapewa uhamisho: awe mkunga mkuu katika hospitali ya kisiwani, mbali huko, mwendo wa siku nzima kwa basi na usiku mzima kwa meli. Pacha wao wana miaka tisa. Swali lenyewe lilikuwa rahisi kulisema. Lifti aache kazi amfuate mkewe na watoto, au abaki mjini familia ikatike vipande viwili? Barua ilimtaka mama awe amesharipoti tarehe mosi. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na nne.

Sasa, benchi lina sheria zake, na alizitunga Masijala. Ya kwanza ni kwamba mwenye kesi haongei. Anaeleza jambo lake mara moja, siku ya kwanza, halafu ananyamaza mpaka wenzake waafikiane. Masijala anasema mwenye kesi akiachwa aongee anaiharibu kesi, kwa sababu ana upendeleo. Ya pili ni kwamba hukumu haitoki mpaka wote watatu wawe na neno moja, na kabla ya hukumu mwenye kesi haruhusiwi kuamua kitu nyumbani. Kabla ya Lifti sheria hizi hazikumdhuru mtu. Tuliwahi kukaa siku nne juu ya kama Spana anunue jogoo fulani au asinunue, jogoo akauzwa kwa mtu mwingine, yakaisha.

Asubuhi hiyo Masijala alifungua kikao kama kawaida yake, kwa kukohoa.

— Jana tulifika wapi?

— Kwenye kutu, Spana akajibu. Nilikuwa naeleza kutu mkanikatiza.

— Endelea na kutu.

— Chumvi, bwana. Kule hewa yenyewe ni chumvi. Jioni unalaza pikipiki nzima, asubuhi unaamsha kutu. Kuna jamaa aliniletea moja kutoka huko. Nilipogusa gurudumu, spoku zikadondoka zote. Kilichokuwa kizima ni honi tu.

— Lifti hana pikipiki, akasema Kipara. Alikuwa amesimama mlangoni na mashine ya kunyolea mkononi. Ndani alikuwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja.

— Ana magoti? Spana akauliza. Goti ni nini? Goti ni bawaba. Miaka mitano ya chumvi, ataniambia mwenyewe.

— Goti ni mfupa.

— Bawaba ya mfupa. Halafu kuna suala la gia. Kisiwa kile ukikizunguka ni nusu saa. Hiyo gia ya tano utaiingizia wapi? Kabla hujaifikia umeshaona bahari, unafunga breki. Mtu wa kule anazaliwa, anaoa, anazeeka, anazikwa, yuko gia ya tatu.

Masijala alitikisa kichwa taratibu, kumaanisha amepokea.

— Hiyo ni hoja ya ufundi, alisema. Mimi naliangalia jambo hili kwa upande wa karatasi. Nilikuwa na mwenzangu ofisini, karani hodari, mwandiko wake ungeweza kuutundika ukutani. Akaambiwa nenda kisiwani miezi mitatu, ushikilie nafasi ya mtu aliye likizo. Alikaa miaka ishirini na miwili.

— Alipapenda? Kipara akauliza.

— Faili lake lililiwa na unyevu. Alikwenda nalo, kama utaratibu unavyotaka. Ukurasa wa kwanza ukashikana na wa pili, wa pili ukashikana na wa tatu, mwisho likawa tofali. Huku makao makuu tukifungua kabati hatumwoni. Mtu asiye na faili hawezi kurudishwa, kwa sababu hayupo.

— Na mshahara?

— Mshahara alipata. Mshahara ni faili lingine.

Lifti alikuwa akisikiliza haya yote ameinamia kikombe chake. Barua ya uhamisho wa mkewe alikuwa nayo mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, na mara mojamoja aliigusa kuhakikisha ipo. Kwa wiki tatu nilikuwa nimemwona akiigusa hivyo.

— Nyie mnamtisha mtu bure, Kipara akasema. Mimi tangu siku ya kwanza nasema aende. Kule watu wanaishi miaka mingi, na mnajua kwa nini? Hawagombani.

— Kwa upole wao?

— Kwa barabara. Barabara ya kisiwa inazunguka. Huku mjini nikikosana na Spana napita njia nyingine, namaliza mwaka mzima simwoni. Kule ukimkimbia mtu asubuhi, ukikaza mwendo, unamkuta mbele anakusubiri. Mara tatu kwa siku mnakutana. Mwisho mnachoka, mnapatana.

— Na nikijifungia ndani? Spana akauliza.

— Ukijifungia ndani atakuja kugonga kuuliza kama unaumwa.

Lifti akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kusikia akicheka.

— Fundi! mteja akaita kutoka ndani. Huu upande wa pili je?

— Nakuja, bwana. Unakimbilia wapi na upande mmoja?

Hapo ndipo Mama Pacha alipopita. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya hospitali, na kwapani amebana maboksi matupu ya dawa yaliyokunjwa. Benchi likanyamaza lote, maana sheria ya tatu inasema kesi haijadiliwi mbele ya familia ya mwenye kesi. Masijala akavua kofia.

— Shemeji, za kazi?

— Salama, shemeji. Wamezaliwa watatu, wote wazima na mama zao wazima.

— Hongera sana.

— Asante. Akamgeukia mumewe. Baba Pacha, bado hamjamaliza?

Lifti akamtazama Masijala. Masijala akatikisa kichwa kidogo, kumaanisha bado.

— Bado kidogo, Lifti akasema.

Mama Pacha alisimama pale kama anayehesabu kitu kichwani. Hakuonekana amekasirika. Alihamisha maboksi kutoka kwapa la kulia kwenda la kushoto.

— Haya, alisema.

Akaniuliza mguu wangu unaendeleaje, nikamwambia unaendelea vizuri, akaenda zake.

— Mwanamke mvumilivu sana yule, Masijala akasema Mama Pacha alipokwisha kufika mbali. Cheo kile kimempata mwenyewe.

Spana akakubali, na Kipara akakubali. Kwa wiki tatu hicho ndicho kitu cha kwanza walichokubaliana wote watatu.

Na mimi? Naweza kusema sasa kwamba nilijua zaidi yao kidogo. Jumatatu ya wiki hiyo Lifti aliwatangulia wenzake, nikiwa bado napuliza mkaa. Kikao kilikuwa hakijafunguliwa, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kuongea.

— Shangazi, aliniambia, kule hakuna lifti.

— Hata moja?

— Ilikuwepo moja, hotelini. Wameigeuza stoo ya mashuka.

Akanieleza kazi yake ilivyo, na mimi miaka yote namwuzia kahawa nilikuwa sijawahi kumwuliza. Lifti ikikwama kati ya ghorofa ya saba na ya nane, wakubwa wanataka akimbilie kwenye mashine huko juu ya paa. Yeye haanzii huko. Anaanza kwa kuweka mdomo kwenye ufa wa mlango na kuwauliza waliomo majina yao, mmoja mmoja, na kila mmoja anamwitikia kwa jina lake. Anasema mtu akishaitwa jina lake anaacha kupiga kelele. Baada ya hapo ndipo anapanda kwenye mashine. Amefanya hivyo miaka kumi na tisa. Kuna watu katika lile jengo wanaijua sauti yake lakini sura yake hawaijui, wanapishana naye kwenye ngazi bila hata salamu, na yeye hajali.

— Nikienda kule mimi nitakuwa nani? akaniuliza. Mume wa mkunga?

— Si ndiye wewe?

Alicheka, lakini nilimwona alivyonywea. Alikuwa anaogopa, mtu mzima yule, na nilimwonea huruma. Nilitaka kumwambia maneno haya asinipe mimi, ampelekee mkewe. Mwanamke yule alikuwa umbali wa nyumba nne tu kutoka pale tulipokuwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo Spana alipofika, akaketi, akauliza tulifika wapi jana. Nikamimina kahawa. Kumimina kahawa ni kazi nzuri sana kwa mtu asiyetaka kusema neno.

Siku mbili baadaye nilipita kwao kurudisha kikapu, nikawakuta pacha wameinamia beseni la maji, nyuso zimezama, mmoja akimhesabia mwenzake kwa vidole. Walikuwa wanajifunza kuzuia pumzi, kama wapiga mbizi. Nikawacheka, nikarudi kwenye birika langu. Mtu mwenye akili zake timamu angejiuliza kitu pale, lakini mimi sikujiuliza.

Basi, mama alipokwisha kupita, kikao kikaendelea, na kuanzia hapo kikapandwa na kichaa.

— Kipara, Masijala akasema, upande wa kwenda uko peke yako. Una hoja nyingine?

— Ninayo. Meli.

— Meli imefanya nini?

— Mmewahi kujiuliza kwa nini meli ya kule leo inafika alfajiri, kesho inafika saa nne, keshokutwa saa saba mchana? Watu wanalalamika imechelewa. Meli haijachelewa. Kisiwa ndicho kimesogea.

Spana akaweka kikombe chini.

— Kimesogea?

— Si kinaelea?

— Kisiwa hakielei, Kipara. Kimeshikamana na chini.

— Umeshuka ukaona?

— Sijashuka.

— Basi tulia.

— Kingekuwa kinaelea, Masijala akasema, kingekuwa na nanga. Nanga ni mali ya serikali, ingekuwa na faili. Mimi kwa miaka thelathini na moja sijashika faili la nanga.

— Labda nalo lililiwa na unyevu.

Masijala alilitafakari hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

— Inawezekana, alisema.

Spana alikuwa ameshaanza kupata moto. Alisimama akawa anaongea huku akitembea mbele ya benchi.

— Haya, tuseme kinaelea. Kama kinaelea, uzito ni jambo kubwa. Lifti mwenyewe kule kazini ana kibao ndani ya kila lifti: watu wasizidi wanane. Si ndiyo? Basi kisiwa nacho lazima kina kibao chake, sema kimepigiliwa chini ya maji. Wameshapiga hesabu za mama na watoto. Huyu hawakumpigia. Kwani ana kilo ngapi?

— Themanini na tano, Lifti akasema.

— Mwenye kesi haongei! Masijala akafoka.

— Nimeulizwa uzito.

Masijala akafikiri.

— Uzito ni ushahidi. Uzito tutaupokea.

— Themanini na tano, Spana akasema kwa masikitiko. Na zana zake je? Kile kisanduku chake mimi nimeshawahi kukinyanyua.

Kipara alikuwa ametoka kabisa mlangoni, mashine inanguruma mkononi bila kunyoa kitu.

— Zana za nini tena, na kule hakuna lifti hata moja?

— Hapo umegusa penyewe, Masijala akasema, na kutokana na alivyoketi wima nikajua zamu yake ya kuchanganyikiwa imefika. Mnafikiri hakuna lifti kwa umaskini? Kuna waraka. Ghorofa zimekatazwa kule, na si kwa sababu ya uzito. Ni kwa sababu ya macho. Ukijenga ghorofa nne kwenye kisiwa, ukasimama juu, unaona mwisho wa kwenu upande huu na unaona mwisho wa kwenu upande ule. Hakuna mtu anayeweza kuona hivyo asubuhi na bado akaenda kazini. Atajiuliza, naenda wapi? Serikali ya kule iliwahurumia watu wake ikakataza lifti.

— Huo waraka ulipata kuushika? Kipara akauliza.

— Niliusikia ukisomwa.

— Namba yake?

— Kurasa zilikuwa zimeshikana.

Hata mimi, Mungu anisamehe, nilijikuta naufikiria ule mwisho wa pande mbili. Halafu Spana akapiga makofi mara moja.

— Lakini waraka umekataza kwenda juu!

— Ndiyo.

— Umekataza kwenda chini?

Wakatazamana.

— Sijasikia wakitaja chini, Masijala akakiri.

— Basi! Aende akafunge lifti ya kushuka. Achimbe katikati ya kisiwa, ashuke taratibu na taa. Akifika chini atuambie kama kinaelea au hakielei, na tutakuwa tumemaliza ubishi wote. Atakuwa fundi pekee wa aina hiyo. Watu watakuja na meli kumwangalia.

— Hapo sasa, Kipara akasema. Mimi tangu mwanzo nasema aende.

— Na mimi sasa nasema aende, Spana akasema. Chumvi tutampa grisi.

Wote wawili wakamgeukia Masijala. Yeye alikuwa ameweka kofia magotini, anaipapasa ukingo. Nilimwangalia Lifti. Alikuwa amenyanyua uso, na ule uso ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu kesi ianze, furaha ya mtu aliyekuwa anangoja tu wengine walitamke lile analolitaka mwenyewe. Kumbe alitaka kwenda. Siku zote hizo alitaka kwenda, akakaa pale kwa wiki tatu akisubiri watu watatu wampe ruhusa, na hata ikija kwa ajili ya shimo lisilokuwepo, yeye alikuwa tayari kuipokea.

— Mimi pia sina pingamizi, Masijala akasema hatimaye. Ila jambo kubwa kama hili haliamuliwi Jumamosi. Niliandike vizuri kwanza. Hukumu itasomwa Jumatatu.

Lifti akavuta pumzi ndefu, akanywa kahawa yake funda moja kubwa.

Ndipo akaja yule mwanamke. Alikuwa wa makamo, hatujawahi kumwona mtaani kwetu, futi ya fundi cherehani imening'inia shingoni na penseli imechomekwa kwenye nywele.

— Hamjambo, jamani. Samahani kuwakatiza. Natafuta nyumba ya mkunga, Mama Pacha. Nimeambiwa ni hapa nyuma ya kinyozi.

— Nyumba ya nne, mlango wa bluu, nikamwambia. Una mgonjwa?

— Sina mgonjwa, dada. Nimekuja kupima mlango. Nina cherehani kubwa ya meza na kabati la vitambaa. Sitaki nije na gari halafu vitu vikwame nje. Wao wanahama Jumatano, mimi naingia Alhamisi.

Kipara akazima mashine. Mteja wake akatoka nje na shuka shingoni, nywele upande mmoja, akasimama akisikiliza.

— Dada, Masijala akasema kwa ile sauti yake ya mhuri, hapo pana makosa. Shauri hilo bado linaendelea. Hukumu ni Jumatatu.

— Shauri gani?

— La kuhama.

— Mimi shauri silijui, mzee wangu. Nimekubaliana na mama mwenyewe, wiki ya pili sasa. Na jana kanionyesha tiketi za meli. Tatu. Yake na za watoto.

— Tatu, Spana akarudia.

— Nikamwuliza, na baba watoto je? Maana alishanionyesha picha yake. Akasema baba hajasema neno, na yeye hawezi kumkatia tiketi mtu ambaye hajasema neno.

Alisema hivyo tu, kama anayesoma vipimo vya suruali. Hakuwa na habari yoyote. Akaanza kuondoka, akasita, akamtazama Lifti, akamtazama tena vizuri.

— Si ndiye wewe wa kwenye picha?

— Ndiye mimi.

— Aa. Basi afadhali nimekukuta. Kuanzia Jumatano wewe utakuwa unakaa wapi? Nauliza tu nijue kama kuna vitu vyako vya kuachiwa nafasi.

Lifti akafungua mdomo. Halafu akamgeukia Masijala. Nakumbuka hilo kuliko yote: mtu anaulizwa atalala wapi, na bado anatafuta ruhusa ya kujibu. Masijala alikuwa anaitazama kofia yake.

— Sema, bwana, akamwambia kwa sauti ndogo. Sema tu.

— Sijui, Lifti akasema.

Akaigusa ile barua mfukoni.

— Aliniuliza siku ileile barua ilipokuja, akaendelea, na sijui alikuwa anamwambia nani. Tulikuwa tunakula. Aliniuliza, utakuja na sisi? Nikamwambia ngoja kwanza. Hakuniuliza tena. Nikaona amekubali kungoja.

Akaweka kikombe chini, karibu na mguu wa Spana, akainuka. Alianza kwa kutembea. Alipofika kwenye nyumba ya pili akawa anakimbia, mtu mzima yule, rundo la funguo za lile jengo likimpiga pajani, na watu waliokuwa wakifagia nje wakasimama kumwangalia.

Yule fundi cherehani alibaki ameshika ncha ya futi yake.

— Nimesema vibaya?

— Hujasema vibaya, nikamwambia.

— Jamani, sikujua. Tiketi zenyewe aliniambia alizipata kwa shida, za mwishomwisho. Alitazama kule alikokimbilia Lifti, akatugeukia sisi. Sasa mimi nipime, au nisipime?

Tulitazamana. Wanaume wale muda mfupi tu uliopita walikuwa wanajua kilichoko chini ya kisiwa, na mipango yote ya serikali ya kule, na gia wanazotumia watu wake mpaka wanazikwa. Spana akajikuna shingo. Kipara akaangalia mashine yake kama imeharibika. Kutoka upande wa mlango wa bluu hatukusikia kitu, si kelele wala kicheko, wala mlango kufungwa.

Mwanamke yule alisubiri jibu kwa adabu, kisha akaketi mwishoni mwa benchi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aende.

Masijala akakohoa.

— Kutokana na hali ilivyojitokeza, alianza, nadhani itabidi kikao kifunguliwe upya, na safari hii...

— Shangazi, Spana akasema, akaninyooshea kikombe. Tuongezee kidogo, tufikirie.

— Imekwisha, nikasema.

Birika lilikuwa palepale juu ya jiko, linafuka mvuke mbele ya macho yao, na nilikuwa nimelijaza dakika kumi tu zilizopita. Wakalitazama, kisha wakanitazama mimi. Hakuna aliyebisha.